Tasnifu iko kwenye orodha kila siku, lakini haisogei

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Muheza, nina miaka 37, mume na watoto watatu. Kila usiku kabla ya kulala naandika kwenye daftari mambo ya kufanya kesho, kumi mpaka kumi na tano, na kesho yake nafuta moja moja. Nafuta mengi kweli. Lakini juzi nilipitia daftari la mwaka jana nikakuta neno "tasnifu" nimeliandika karibu kila ukurasa na sijalifuta hata mara moja. Mahojiano 18 niliyorekodi kwa ajili ya shahada ya uzamili bado yamelala kwenye simu. Mama yangu yuko Pangani, mwaka mzima nimemwona mara mbili. Kiwanja nilichonunua kimeota pori. Nimeanza kujiona mvivu. Kuna programu ya simu itakayonisaidia kupanga muda, au tatizo ni mimi?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Nianze na hilo la uvivu ili tuliweke kando. Mtu anayeandaa watoto alfajiri, akafundisha, akasahihisha, akapitia sokoni na bado akafuta mambo kumi kwenye daftari hawezi kuitwa mvivu. Na programu ya simu haitakutoa hapo ulipo. Itakupa orodha ileile, safari hii ikiwa na kengele. Kalenda uliyo nayo tayari kwenye simu inatosha, na karatasi iliyobandikwa ukutani inatosha zaidi. Nitaeleza kwa nini.

Tatizo liko kwenye orodha yenyewe, kwenye aina ya mambo unayoyalaza pamoja katika ukurasa mmoja. "Kununua mkaa" ni kazi ya nusu saa. "Kusahihisha mazoezi ya Kidato cha Pili B" ni kazi ya jioni moja. "Tasnifu" si kazi ya siku yoyote. Hakuna Jumanne utakayolala umeifanya tasnifu. Kwa hiyo kila usiku ulijiandikia jambo ambalo kesho yake haliwezi kufutwa, ukalipanga jirani na mambo kumi yanayofutika, halafu mchana ukiwa na haraka ukachagua. Mkono wa mtu yeyote ungekwenda kwenye yanayofutika.

Mwaka 2018 watafiti Meng Zhu, Yang Yang na Christopher Hsee walichapisha majaribio kuhusu tabia hii. Waliwapa watu wachague kati ya kazi mbili: moja ina malipo madogo lakini muda wake unakwisha upesi, nyingine ina malipo makubwa na muda wake bado mrefu. Ile ya haraka iliwavuta watu hata pale ambapo faida yake ilikuwa ndogo waziwazi, na waliovutwa zaidi ni wale wanaojiona wana shughuli nyingi. Mvuto huo ulipungua walipokumbushwa, wakati wa kuchagua, kuyatazama malipo yenyewe. Daftari lako halikukumbushi malipo ya kitu chochote. Limeandika tasnifu kwa wino uleule wa mkaa.

Sasa nikuulize kama mwalimu. Januari unapokabidhiwa Kidato cha Tatu, je, unaandika "kufundisha Kiswahili" kila usiku mpaka Novemba? Huandiki hivyo. Unakaa na muhtasari, unapiga mistari, unaandaa azimio la kazi. Safu ya kwanza ni umahiri mkuu, yaani mwanafunzi awe anaweza nini mwisho wa safari. Ndipo unashuka: umahiri mahususi, mwezi, wiki, idadi ya vipindi, rejea, zana, mpaka unafika kwenye safu ya mwisho ya maoni, ambayo unaiacha tupu kwa sababu itajazwa baada ya kufundisha. Ukitoka hapo unaandika andalio la somo, la kipindi kimoja cha dakika 40. Wanafunzi wakiondoka kwenda UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, ukapoteza wiki, unajua umepoteza vipindi vingapi na utavifidia wapi. Hujisemi kuwa wewe ni mvivu. Unarekebisha azimio.

Maana yake ni kwamba ujuzi wa kupanga muda kwa kuanzia kwenye lengo unao, na kila mwaka unautumia kwa ajili ya watoto wa watu. Mambo yako mwenyewe ndiyo umeyaachia orodha. Ninachokuomba ni uandae azimio la kazi la mwaka wako huu, kwa uzito uleule unaolipa lile linalosainiwa na mkuu wa shule.

Tuanze na safu ya umahiri, maana hapa ndipo wengi ninaowashauri hupita mbio. Umenitajia mambo matatu: tasnifu, mama, kiwanja. Kwenye daftari yanafanana, lakini kila moja ni la aina yake.

Kiwanja kwa sasa ni suala la pesa kuliko muda. Hata nikikupa Jumamosi zote za mwaka huu, bila fedha ya msingi utakwenda kufyeka pori na litaota tena. Lipa kijana alifyeke mara moja kila baada ya masika ili mipaka ionekane, amua kiasi cha kuweka kila mwezi kwenye kikoba chako, kisha kiondoe kiwanja kwenye daftari mpaka mwakani. Kukiona kila usiku kunakula nafsi yako bila kukisogeza hata tofali moja.

Mama ni jambo lisilo na mwisho. Huwezi kumaliza kuwa karibu na mama, kwa hiyo halihitaji tarehe ya kukamilika. Linahitaji mzunguko, kama sala au siku ya soko. Nitalirudia baadaye.

Tasnifu ina mwisho unaoonekana: siku unapoiwasilisha. Lakini kabla hatujaipangia hata saa moja, naomba ukae peke yako ujibu kwa maandishi swali hili: mwaka mmoja baada ya kuhitimu, maisha yako yatakuwa na nini ambacho leo hayana? Pengine unataka kuhamia chuo cha ualimu. Pengine ulipofanya yale mahojiano wanafunzi walikwambia jambo linalokukosesha usingizi na unataka walimu wenzako walisikie. Pengine ni kupanda daraja na nyongeza ya mshahara itakayomsomesha mkubwa wako. Hiyo nayo ni sababu halali, usiionee aibu. Ukijikuta jibu la pekee ni kwamba wenzako wawili ofisini wamemaliza, au kwamba ada imeshalipwa, simama hapo. Ada iliyokwisha lipwa hairudi ukimaliza wala usipomaliza, kwa hiyo haiwezi kuwa sababu ya kukuamsha. Una ruhusa ya kuiacha tasnifu, kwa uamuzi ulioufanya mchana ukiwa na akili timamu, ukamwandikia msimamizi na kujipumzisha. Kinachokuumiza sasa ni kuwa hujaiacha na hujaifanya.

Kwa jinsi ulivyoandika, nadhani bado unaitaka. Basi tuendelee.

Safu ya wiki na vipindi inahitaji hesabu, na hesabu ndiyo iliyokosekana mwaka jana. Mahojiano 18. Tuseme kila moja lina nusu saa. Rekodi zote ni saa 9. Kuandika rekodi ya saa moja, neno kwa neno, humchukua mtu asiyezoea kazi hiyo saa nne hadi sita, kwa sababu unasikiliza, unasimamisha, unarudisha nyuma. Tuchukue tano. Hizo ni saa 45 za kuandika tu, kabla hujaanza kuchambua, kabla hujagusa Sura ya Nne, ile ya matokeo. Unaona sasa kwa nini neno "tasnifu" halikufutika? Ulikuwa unaliwekea dakika sitini za usiku, baada ya vyombo kuoshwa, jambo lenye saa 45 kwenye hatua yake moja tu.

Na usiniamini hata kwenye hizo 45. Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba binadamu hukadiria muda wa kazi kwa kuifikiria jinsi itakavyokwenda vizuri, bila kuangalia kazi zinazofanana nazo zilichukua muda gani. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake walichapisha utafiti uliowauliza wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada, wote wakiwa wanaandika tasnifu zao za mwisho, watamaliza lini. Kwa wastani walisema siku 33.9. Walipoulizwa mambo yote yakienda vibaya kabisa itakuwaje, walisema siku 48.6. Walimaliza kwa siku 55.5. Waliokamilisha ndani ya muda waliojiwekea walikuwa chini ya theluthi moja. Hao hawakuwa na zamu ya shule, wala ndoo za maji za kujaza kabla ya maghribi.

Kwa hiyo ukiweza kupata saa tano kwa wiki, hesabu ya kitabuni inasema wiki 9. Andika 15. Ukianza wiki ya pili ya Februari, unafika mwanzoni mwa Juni, shule inafungwa. Likizo ya Juni inakuwa ya kuchambua na kuanza Sura ya Nne, Julai na Agosti ya kuiandika na kuipeleka kwa msimamizi. Septemba mpaka Novemba usiweke kitu kipya chochote. Unajua mwenyewe Kidato cha Nne wanavyokuwa miezi hiyo: mitihani ya majaribio, kambi, vipindi vya ziada. Hapo acha nafasi ya marekebisho ya msimamizi tu. Desemba, kama utaitwa kusahihisha mitihani ya taifa, utakwenda bila deni. Kama unafunga Ramadhani, kaa na kalenda uone inaangukia wapi, na wiki zile punguza saa tano ziwe mbili au tatu kabla hazijapungua zenyewe.

Kuna jambo moja linaloweza kubadilisha hesabu yote hii: muulize msimamizi wako kama kweli unatakiwa kuyaandika mahojiano yote neno kwa neno. Kwa baadhi ya tafiti hilo ni la lazima. Kwa nyingine inatosha kusikiliza yote, kuandika muhtasari wa kila moja na kunakili kwa ukamilifu zile sehemu tu zinazojibu maswali ya utafiti. Simu moja inaweza kukuokolea wiki nyingi. Nimeona watu wengi wanaoogopa kumuuliza msimamizi kwa sababu wamekaa kimya muda mrefu na wanaona haya. Msimamizi amezoea kimya cha wanafunzi. Salimia, omba radhi kwa sentensi moja, kisha uliza swali lako.

Sasa ratiba. Saa tano zitatoka wapi? Usizitafute usiku. Baada ya saa tatu usiku unachobakiwa nacho ni macho tu. Wala sikushauri zile dakika 40 unapokuwa huna kipindi, maana utachukua dakika kumi kuzima sauti ya darasa ulilotoka, na dakika kumi za mwisho utakuwa unaliwazia darasa unaloliendea. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akihama kazi kabla hajaifunga vizuri, sehemu ya fikra zake hubaki kwenye ile aliyoiacha, na kazi mpya huifanya vibaya. Saa hizo zisizo na kipindi wape madaftari ya wanafunzi. Kusahihisha kunavumilia kukatizwa.

Mimi ningeweka hivi: Jumanne na Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri hadi saa kumi na moja, ubaki shuleni, maktaba au chumba chochote kisicho na watu. Jumamosi saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi. Usifanyie nyumbani kama unaweza kuepuka, kwa sababu nyumbani kila kitu unachokitazama kinakudai. Wiki ya zamu yako, usijidanganye: Jumanne na Alhamisi hazipo, baki na Jumamosi, na azimio lionyeshe hivyo tangu mwanzo.

Andika kila kipindi kama unavyoandika andalio la somo, kwa jambo linaloonekana. "Jumanne: mahojiano ya 4, dakika 0 hadi 15." Hilo linaweza kufutwa. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 kwamba nia peke yake haitoshi, mtu hutekeleza zaidi akiifunga nia yake na mahali na wakati kwa sentensi ya namna ya "likitokea hili, nitafanya lile." Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 ya njia hiyo na kukuta inasaidia kwa kiwango cha kuridhisha. Sentensi yako iwe hivi: kengele ya kutoka ikilia Jumanne, naweka simu kwenye mkoba, naingia maktaba, nafungua faili la mahojiano. Na kwa kuwa rekodi ziko kwenye simu, zihamishe kwenye kompyuta wiki hii hii, uweke na nakala nyingine kwenye flashi. Kazi ya utafiti inayokaa kwenye simu moja tu inaning'inia; siku simu ikiibwa kwenye basi, hakuna azimio litakaloirudisha.

Nifike kwenye lile ambalo vitabu vingi vya kupanga muda huliruka, kwa sababu vimeandikwa na watu wanaomiliki saa zao. Wewe, Mwalimu, sehemu kubwa ya saa zako si zako. Mkuu wa shule anazo, watoto wanazo, mume anazo, ukoo unazo, na kwetu mwanamke ndiye anayebeba kazi nyingi za nyumbani zisizolipwa. Ukijipangia Jumamosi asubuhi kimoyomoyo bila kumwambia mtu, Jumamosi hiyo itachukuliwa, na aliyeichukua hatakuwa na kosa, kwa kuwa hakujua ina mwenyewe.

Ndiyo maana nimesema karatasi ukutani. Ratiba ya shule inaheshimiwa kwa sababu imebandikwa ofisini na kila mtu anaiona. Kaa na mumeo siku ambayo hakuna ugomvi wala haraka. Usiende na malalamiko, nenda na azimio. Mwonyeshe saa tano, mwonyeshe mwezi wa Agosti ambapo kazi itakuwa imepelekwa, mweleze familia itapata nini. Kisha uliza swali lenye jibu: Jumamosi saa moja na nusu mpaka saa tatu na nusu, nani atawapa watoto uji na kuangalia nguo? Usikubali jibu la "tutaona." Na tafadhali, jukumu hilo lisiangukie kwa binti yako, kama unaye, peke yake eti kwa sababu ni msichana. Kijana wa miaka kumi anaweza kuchochea uji na kufua soksi zake. Ukimpokonya binti saa zake za kujisomea ili wewe uandike tasnifu, utakuwa umehamisha tatizo kwa mtu mdogo zaidi.

Kuhusu jamii, nitasema ninavyoamini. Msiba utakwenda. Hata ukiangukia Jumamosi yako, funga kompyuta, vaa khanga, nenda. Saa hizo mbili utazifidia, na ndiyo maana tumeandika wiki 15 badala ya 9. Lakini kamati ya harusi si msiba. Vikao nane vya kamati, saa tatu kila kimoja, vya kujadili rangi ya vitambaa na ukumbi, unaweza kuvichangia kwa mchango wako, ukapika siku yenyewe, ukacheza na vigelegele ukapiga, bila kukaa kwenye kila kikao. Sema mapema, kwa upole, kwa sababu ya kweli: "Mpaka Agosti namalizia masomo, mchango wangu huu hapa, siku ya shughuli nipeni sufuria kubwa." Watu wetu wanaheshimu masomo kuliko unavyodhani. Wanachochukia ni mtu kupotea bila kusema. Vivyo hivyo makundi ya WhatsApp: zima sauti ya yote isipokuwa la familia na la shule, na usiombe ruhusa kwa hilo.

Hapa lazima nikuambie kuwa kitu fulani kitapungua. Mshika mawili moja humponyoka, na wewe umeshika zaidi ya mawili. Nyumba haitang'aa kama mwanzo Jumamosi za miezi hii. Pengine kile kibiashara cha vitenge ulichonacho, kama unacho, kilale kidogo. Chagua mwenyewe kitakachopungua, kabla uchovu haujakuchagulia, maana uchovu huchagua vibaya: huanza na usingizi, kisha subira yako kwa watoto.

Daftari la usiku usilitupe. Linakufaa kwa mambo madogo, na lina kazi nyingine ambayo pengine huijui. Mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kwamba lengo ambalo halijatimizwa huendelea kumsumbua mtu akilini anapofanya mambo mengine, lakini usumbufu huo hutulia mara anapoandika mpango mahususi wa kulitekeleza, hata kabla hajalitekeleza. Neno "tasnifu" kwenye daftari halikuwa mpango. Lilikuwa kumbukumbu ya deni, na ndiyo maana ulilala nalo. Likiwa na siku yake na chumba chake, usiku huna haja ya kuliandika tena. Daftari libaki na mkaa, ada ya mtoto, simu ya fundi. Likijaa zaidi ya ukurasa mmoja kwa wiki, punguza.

Na mama. Chagua Jumapili ya kwanza baada ya mshahara kutoka, kila mwezi, uende Pangani. Nauli ipo, mfuko wa sukari upo, na asubuhi inayofuata si sikukuu ya kukufanya uzembee kurudi. Chukua mtoto mmoja kila safari, kwa zamu. Utapata na muda wa kuzungumza na huyo mtoto njiani. Katikati ya mwezi piga simu siku moja maalumu ambayo mama ataizoea na kuisubiri. Usiandike safari hii kwenye orodha, kwa sababu utaanza kuitimiza kwa kuifuta, na mama atajua. Ukifika usiwe na haraka, kaa jikoni, umenye naye muhogo. Ikitokea Jumapili ya Pangani imegongana na tasnifu, tasnifu isubiri. Sura ya Nne itakuwepo mwezi ujao, na umri wa mama yako wewe unaujua kuliko mimi.

Imebaki safu ya maoni, ambayo kwenye maazimio mengi ninayoyaona shuleni huachwa tupu au hujazwa siku wathibiti ubora wanapotarajiwa. Kwako ndiyo safu itakayoamua kama mpango huu unafika Agosti. Kila Ijumaa kabla hujatoka shuleni, andika mstari mmoja: nimefanya dakika ngapi za rekodi, na kama sikufanya, nini kilichukua nafasi. Andika tukio, usiandike hukumu. "Alhamisi kikao cha dharura" ni maoni. "Nimekuwa mzembe" si maoni, hayakwambii ubadilishe nini. Baada ya wiki nne soma mistari yote kwa pamoja. Ukikuta Alhamisi imeliwa mara tatu, Alhamisi si siku yako, ihamishie Jumatano. Usiongeze nia wala kuapa upya, badilisha siku. Ukikuta vipindi vyote vinafanyika lakini mahojiano hayasogei, basi makadirio yangu ya saa tano kwa kila saa ya rekodi ni madogo kwako, yarekebishe na usogeze Agosti kwenda mbele bila kujilaumu.

Wiki hii fanya haya tu: hamisha rekodi kutoka kwenye simu, jibu lile swali la mwaka mmoja baada ya kuhitimu kwa maandishi yasiyozidi nusu ukurasa, na umtumie msimamizi ujumbe wa kuuliza kuhusu kuandika mahojiano neno kwa neno. Azimio lenyewe lichore jibu lake likishafika, kwa penseli kwanza, na mumeo aliangalie kabla hujalibandika.